Dagaa, ndagala, kapenta: jinsi nilivyojenga websaiti ya ushuru nikiwa mwisho wa reli

Saa kumi na moja alfajiri simu inaita, kuangalia ni mama mdogo. Hajasalimia, na mama mdogo ni mtu ambaye hata mkiwa mmegombana lazima kwanza akuulize umeamkaje, sasa ukiona ameruka salamu ujue kuna jambo.

"Mwanangu, maharage yanapita au hayapiti?"

Nikamwambia shikamoo mama, yanapita wapi tena.

Hii ilikuwa Aprili 2025. Mama mdogo alikuwa na gunia zake za maharage Manyovu kwa ndugu yetu, zinasubiri kuvuka kwenda Burundi, halafu usiku ule kwenye grupu la wafanyabiashara mtu akarusha skrinishoti kwamba serikali imepiga marufuku mazao. Mazao gani, yanatoka wapi yanaenda wapi, hujui, maana skrinishoti yenyewe imekatwa juu na chini kimebaki kipande cha katikati kama samaki wa kuuzwa kwa mafungu. Kibirizi nzima hapa Kigoma asubuhi habari ni hiyo, mipaka imefungwa, mipaka imefungwa.

Ukweli nilikuja kuupata baadaye. Marufuku ilikuwa ya mazao ya kilimo yanayoingia nchini kutoka Malawi na Afrika Kusini, ni jino kwa jino, Malawi walikuwa wamezuia vitu vyetu Machi ile, unga, mchele, tangawizi, ndizi, na Afrika Kusini ndizi zetu walikuwa hawazitaki siku nyingi. Burundi haimo hata kwa bahati mbaya. Na haikuchukua muda nchi zikaongea, ikaondolewa. Ila mama mdogo alishakaa karibu wiki tatu maharage yako ndani, bei upande wa pili ikashuka, akaja kuuza kwa kununa. Unajua kwa nini alikaa wiki tatu kwa kitu ambacho hakikumhusu toka mwanzo? Kwa sababu marufuku ilikufa lakini skrinishoti haikufa. Mwezi wa sita bado kuna mtu ananiletea simu yake, "hebu nisomee hii, imetoka leo." Imetoka leo wapi, hii si ile ya Aprili!

Mimi nina steshenari pale Mwanga, fotokopi moja, printa mbili ambazo moja ni ya kuiombea dua, na laptopu. Wateja wangu wengi ni watu wa mwaloni na watu wa mpakani, wanakuja kuchapa fomu, kuskani vitambulisho, kuomba niwasomee barua. Kuprogramu nimejifunza mwenyewe usiku kwa bando la usiku. Kwa hiyo nikajiambia, hili jambo si ni la kutafuta tu? Nakusanya matangazo yote ya biashara ya kuvuka mpaka, naweka kisanduku kimoja cha kuandika, mtu anaandika "maharage Burundi" anapata jibu. Nikajipa wikiendi mbili. Sasa hivi ninavyoandika naelekea mwaka wa pili na bado naunda.

Kabla hujaniuliza, ndiyo, najua zipo saiti kubwa za hii kazi. Shirika la Biashara Duniani lina mtambo wake unaitwa ePing, nchi ikitaka kuweka masharti mapya ya afya ya mimea na wanyama au ya viwango inatakiwa iwaarifu wenzake, na zile arifa zote unazikuta pale. Kuna Market Access Map ya kituo cha biashara cha kimataifa pale Geneva, ushuru wa nchi karibu zote. Kuna Global Trade Alert, wale tangu 2009 wanahesabu kila serikali inayobana au kulegeza. Ni kazi kubwa, mimi natambaa nyuma yao. Ila jaribu kumpa mama mdogo ile ePing. Shirika la Biashara Duniani linafanya kazi kwa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania, na namba ya andiko la kwetu inaanza hivi: G/SPS/N/TZA. Mtu ana kiswaswadu mkononi na magunia matatu kwenye boti, unamwambia atafute G/SPS/N/TZA.

Nikaanza na Gazeti la Jumuiya ya Afrika Mashariki linalotoka Arusha, maana humo ndimo ushuru wenyewe ulimo. Kwa wasiojua, jumuiya ina Ushuru wa Pamoja wa Forodha kwa vitu vinavyotoka nje ya jumuiya, ngazi zilikuwa tatu, 0, 10 na 25, na toka tarehe 1 Julai 2022 ikaongezwa ya nne ya asilimia 35. Halafu kuna bidhaa nyeti zenye zake, mchele 75, sukari 100. Ukisoma hapo unaona rahisi, ngazi nne na vijinyeti kadhaa, nani atashindwa? Kumbe kila mwaka kabla ya bajeti nchi zinaomba, mimi kwenye hii nisitumie kiwango cha pamoja, nitumie changu, na mimi hiki kiwanda changu nikipe unafuu. Ndio maana Kenya mchele wa kutoka nje ya jumuiya wamekuwa wakiutoza 35 miaka mingi wakati kitabu kinasema 75. Na sisi bajeti ya 2018/19 tukapandisha mafuta ya kula, ghafi 25, yaliyosafishwa 35, ambalo kwa watu wa michikichi wa huku lilikuwa jambo la kushangilia na kwa mama ntilie lilikuwa jambo lingine. Yote hayo yanakuja kwenye Gazeti mwishoni mwa Juni, kurasa na kurasa za majedwali, kwenye PDF.

Sasa PDF. Ndugu zangu, mimi nimefunga ndoa na PDF. Zingine ni maandishi kweli, zingine ni picha ya karatasi iliyoskaniwa imelala kidogo, muhuri umepigwa juu ya namba muhimu kuliko zote. Natumia programu ya bure inaitwa Tesseract kusoma picha iwe maandishi, inajitahidi, ila ikiona 1511 kwenye karatasi chafu inaweza kukuletea I5II, sifuri inakuwa herufi O. Hilo unalizoea. Lililonitisha ni majedwali yanayovuka ukurasa. Jina la bidhaa linabaki chini ya ukurasa huu, asilimia yake inaamkia juu ya ukurasa unaofuata, programu inasoma inakosea mstari mmoja, na kuanzia hapo kila bidhaa inavaa ushuru wa jirani yake. Hakuna kinachopiga kelele! Saiti inafanya kazi vizuri kabisa, namba zimepangika, zote uongo. Niligundua kwa bahati tu, nikaona biskuti zina kiwango ambacho hata mimi nikajua hapana. Toka siku hiyo kila jibu kwenye saiti lina kipande cha picha ya ukurasa wenyewe pembeni, ili anayesoma aone kwa macho yake. Inafanya saiti iwe nzito. Sawa, iwe nzito.

Halafu ikaja lugha, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi, kaeni vizuri.

Forodha ya dunia nzima inaongea kwa namba. Shirika la Forodha Duniani lililoko Brussels lina orodha ya makundi zaidi ya 5,000 ya bidhaa, kila kundi tarakimu sita, jumuiya yetu inaongeza mbili zinakuwa nane. Wenyewe wanaziita HS kodi, kodi ya Kiingereza, "code", na hapo nilipoteza jioni nzima nikimwelewesha mzee mmoja kwamba hiyo kodi sio kodi, ni namba tu, kodi yenyewe inakuja baada ya hiyo kodi. Mzee akaniangalia. "Kwa hiyo mnatoza kodi kwenye kodi." Nikakosa jibu, na kusema kweli hajakosea sana.

Samaki waliokaushwa wanakaa 0305. Basi, hiyo ndiyo dagaa wetu, kwenye macho ya Brussels. Lakini hakuna mtu Katonga, kule kwa wavuvi, atakayeandika 0305. Anaandika dagaa. Mrundi anayenunua anaandika ndagala. Wa kusini kule Zambia ni kapenta. Samaki ni yuleyule, ziwa ni lilelile, nchi nne. Migebuka ukivuka Burundi ni mukeke. Nikaanza daftari la majina, kulia namba, kushoto kila jina ninalosikia, na daftari hilo ndilo kitu cha thamani kuliko vyote nilivyonavyo kwenye hii saiti, programu za kompyuta mtu yeyote anaweza kuandika lakini nani mwingine ataenda kukaa mwaloni aulize hii mnaitaje.

Mfano mmoja. Mawese na mise. Wote mnajua chikichi ni moja, nyama yake inatoa mawese, kokwa ya ndani ndiyo mise na ina mafuta yake. Kwa mteja wa kawaida ni mafuta ya chikichi tu. Forodha wanaona vitu viwili tofauti kabisa, mawese 1511, mafuta ya mise 1513 kundi moja na mafuta ya nazi. Ukikosea namba umekosea karatasi nzima. Nilivyomwambia mama mdogo akasema hao wa Brussels basi wanajua chikichi. Alifurahi kweli, kama kasifiwa mtoto.

Na Kiswahili chenyewe kinasumbua mashine. Mitambo ya kutafuta mingi imelelewa na Kiingereza, inakata mkia wa neno, kuna kanuni maarufu ya Porter ya mwaka 1980 kazi yake ndiyo hiyo. Sisi maneno yetu yanabadilika kichwani. Kusafirisha, anasafirisha, hawakusafirisha, yamesafirishwa, ukikata mkia hujafanya kitu. Nikahamia mbinu nyingine iliyomo kwenye databesi ninayotumia, SQLite, inakata kila neno vipande vya herufi tatutatu, kwa hiyo ukiandika "safiri" inakupata popote ilipojificha katikati ya neno. Nikashangilia. Nikaandika "nazi".

Aisee. Ikaniletea hotuba nzima ya bajeti. Mbona nazi nyingi hivi? Kumbe i-NAZI-ngatia. Serikali i-NAZI-di kuboresha. Kila mstari nazi. Nikaandika "mise" ikanipa maandiko ya Kiingereza yote yenye neno "premises", na maandiko ya forodha yana hayo mapremises kama mchanga. Nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akauliza kuna nini. Suluhisho likawa sio la kiufundi sana, kwanza natafuta kwenye daftari, likikosa ndio naenda kwenye vipande.

Sasa niseme lililonivunja. Tarehe 1 Julai.

Vile viwango ambavyo nchi inajiombea vingi ni vya mwaka mmoja tu. Hotuba ya bajeti ukiisikiliza vizuri inasema kabisa, "kwa kipindi cha mwaka mmoja." Mimi nilikuwa nayasikia hayo maneno kama unavyosikia "ndugu wananchi," yanapita tu. Julai ikafika, vya mwaka jana vikafa usiku saa sita, vipya viko kwenye Gazeti ambalo sijalipakia, na saiti yangu inaendelea kujibu kwa tabasamu lilelile. Kijana mmoja wa duka la jumla akapiga hesabu zake za mafuta ya kula kwa namba zangu, akaenda nazo mpaka mbele ya afisa, akaonyesha simu. Afisa akamwuliza hii ni ya mwaka gani. Kijana hajui. Haijaandikwa! Mimi niliyekuwa nalalamika miezi yote kuhusu skrinishoti zisizo na tarehe, nilikuwa nimejenga kiwanda cha kuzitengeneza.

Nilifunga saiti siku tisa. Siku hizo nikawa nakaa Katonga jioni, nawaza, na wavuvi wanaongea kuhusu ziwa kufungwa. Mnakumbuka 2024, ziwa lilifungwa kwa uvuvi tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti, samaki wapumzike wazaliane. Muulize mvuvi yeyote hizo tarehe, mwenye shule asiye na shule, anakutajia bila kufikiri. Hakuna aliyesoma andiko la sheria. Walijua linaanza lini linaisha lini, basi, maisha yakapangwa hapo. Nikaona mimi nimehifadhi maneno ya sheria nikasahau kuhifadhi uhai wake.

Nikarudi nikavunja databesi nzima. Sasa kila jambo lina tarehe tatu: lilitangazwa lini, linaanza lini, linaisha lini. Isiyo na mwisho naandika "haina tarehe ya mwisho" na rangi ya njano, na tarehe niliyoiangalia mara ya mwisho. Pia lina hali yake, kwa sababu zile arifa za ePing nyingi ni mapendekezo, nchi inatakiwa iwape wenzake kama siku 60 watoe maoni kabla ya kukamilisha, ila ukirusha kwenye grupu watu wanasoma kama sheria ya kesho asubuhi. Na kitu kikibadilika sifuti cha zamani, nakichora mstari juu. Kwa mfano Machi 2021 Kenya walizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, barua ni ya tarehe 5, hazijapita siku nyingi wakaruhusu tena kwa masharti, waingizaji wajisajili, mzigo uwe na cheti cha kuonyesha sumukuvu haijavuka kiwango. Ukifuta ile ya kwanza, siku mtu akiletewa barua ya tarehe 5 hatakuwa na pa kuikanushia. Ukiiacha na mstari juu, anaiona, anaona imekufa, analala.

Kuna baba mkubwa wangu Buhigwe ana kahawa. Wazungu wa Umoja wa Ulaya walipitisha kanuni 2023 kwamba kahawa, kakao, mawese, mbao na vingine visiingie kwao kama vimetoka kwenye shamba lililofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na shamba lijulikane liko wapi kwa ramani. Ilikuwa ianze mwishoni mwa 2024. Ikasogezwa mwaka. Ikasogezwa tena mwaka. Kwenye saiti yangu huo ukurasa una tarehe mbili zimechorwa mstari na ya tatu iko chini yake, na baba mkubwa kila nikienda ananiuliza "bado hawajaanza hao?" kwa sauti ya mtu anayeulizia wageni wa harusi. Anachoniuliza kila mara ni tarehe, kanuni yenyewe hajawahi kuiulizia.

Kingine kilichonifundisha ni orodha ya waliotafuta wakakosa. Mwanzoni nilikuwa naangalia watu wangapi wameingia, sijui ilinisaidia nini, nadhani ni kujisikia tu. Siku moja nikatoa yale yaliyorudisha sifuri. "Dumu ngapi naruhusiwa." "Kitambulisho cha taifa kinatosha Burundi." "Mzigo mdogo mama." Hakuna aliyeandika neno "sera," wala "ushuru wa pamoja." Na jibu lao lilikuwepo muda wote, jumuiya ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo, mzigo usiozidi dola 2,000, bidhaa ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa na imezalishwa humu humu kwenye jumuiya unajaza cheti rahisi cha uasili, karatasi ya kuonyesha bidhaa imetoka wapi, pale pale mpakani, ushuru wa forodha hakuna. Lakini vibali vya afya ya mimea na vingine vipo palepale, na hapo ndipo watu wengi wanajichanganya, wanasikia "hakuna ushuru" wanadhani hakuna karatasi. Ule ukurasa niliuandika upya mara nne. Nikaondoa dola nikaweka na shilingi, nikaweka madumu na magunia. Sasa ndio unaofunguliwa kuliko yote.

Congo bado inanipa taabu. Waliingia jumuiya 2022, ila kuingia ni sherehe ya siku moja na kuoanisha forodha ni kazi ya miaka, na karatasi zao ni za Kifaransa. Wateja wangu wa Kalemie wananitafsiria kwa kubadilishana na fotokopi. Biashara nzuri tu, wote tumeridhika.

Na mwisho nikakubali kwamba watu wataendelea kurushiana skrinishoti, huwezi kushindana na hilo. Kwa hiyo sasa ukipata jibu kuna kitufe cha kulipakua kama picha, na kwenye picha kitu kikubwa kuliko vyote, kikubwa kuliko jina la bidhaa, ni mstari wa katikati kabisa: INATUMIKA MPAKA TAREHE FULANI. Nimeuweka katikati makusudi, maana nimeshajua watakata juu na chini.

Juzi alfajiri simu tena. Safari hii kasalimia, nimeamkaje, watoto wameamkaje, printa imeamkaje. Ana mafuta ya kula ya madukani anataka kuyachukua kwa jumla, anauliza ushuru wake umekaaje asije akabambikwa bei. Nikafungua saiti, nikapakua picha, nikamtumia. Inatumika mpaka 30 Juni, herufi kubwa. Nikasikia kimya, nikajua anavaa miwani.

"Nimeiona mwanangu, asante," akasema. "Na tarehe 1 je?"